Huruma ya Kinyozi

Jua lilimkuta Mama Raba kitandani kwa mara nyingine, na neno la kwanza lililomtoka asubuhi hiyo lilikuwa tusi. Alijitukana mwenyewe. Alijiita gunia, akajiita gogo, akatafuta jina baya kuliko hayo asilipate, akaketi ukingoni mwa kitanda akiikodolea macho miguu yake kama mtu anayewatazama watoto watoro. Raba zake zilikuwa pale pale mlangoni alipoziweka jioni, kamba zimelegezwa, soksi zimekunjwa ndani. Hazikuwa zimekanyaga barabara kwa wiki kadhaa.

"Umelala vizuri, mke wangu?" mumewe alimuuliza, ameshika kikombe cha chai.

"Nimelala kama maiti. Na hiyo ndiyo shida yenyewe."

"Mwili umedai haki yake," mumewe alisema kwa sauti laini, akamwekea chai juu ya stuli. Alikuwa kinyozi, na vinyozi wana ulimi mzuri, maana kutwa nzima wanaongea na watu wasioweza kugeuza shingo. Mama Raba aliinywa chai ile kwa hasira mpaka ikamuunguza.

Tuelewane mapema: Mama Raba hakuwa mtu wa kulala. Jina hilo la Raba hakuzaliwa nalo, alipewa na majirani waliomwona kila alfajiri akitoka getini na viatu vyake vya kukimbilia vilivyochakaa visigino. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi. Alisimama kutwa katika karakana ya kufulia nguo za mahoteli, mbele ya pasi ya mvuke, akinyoosha mashuka ambayo hatayalalia kamwe. Na kukimbia hakukuanza kwa ushauri wa daktari, wala kwa kutaka kupungua, kama watu wanavyopenda kudhani. Kulianza kwa kisirani.

Palikuwa na msimamizi pale karakanani aliyekuwa akifunga geti kengele ikilia tu, tena akilifunga polepole huku anamtazama machoni aliyebaki nje. Siku moja aliyebaki nje alikuwa Mama Raba, hatua chache tu, anahema. Msimamizi akatabasamu, akageuza ufunguo. Mama Raba alirudi nyumbani, na kesho yake akaondoka mapema, akakimbia njia nzima. Kesho kutwa vile vile. Alikuwa anafika wa kwanza, anasimama getini jasho linamtiririka, anamsubiri msimamizi aje afungue, ili amsalimie kwa heshima zote na kumuudhi. Yule mtu baadaye alihamishwa. Miguu ikakataa kuacha.

Mwenzake wa meza ya pili ndiye aliyemtia ufunguo ajiandikishe kwenye mbio ndefu za mji. "Unakimbia bure kila siku," alimwambia, "si uende ukakimbie na wenzako, mahali penye watu wa kukupigia makofi?" Akaenda. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwaka uliofuata akaenda tena, na mwingine tena. Lakini katika mbio zilizopita kilimtokea kitu ambacho hakukisahau. Kwenye kilima cha mwisho, kile kinachopanda kuelekea uwanjani, miguu ilimgomea akatembea. Akiwa anatembea hivyo, mama mmoja wa kando ya barabara, mtazamaji tu, mwavuli mkononi na ndala miguuni, akajikuta anakwenda naye sambamba bila hata kujitahidi. Akamgeukia, akamwambia, "Pole, mama."

Pole! Kwa wema kabisa. Neno lile lilimchoma kuliko matusi ya sokoni. Mama Raba alikula kiapo pale pale, ulimi umemkauka: safari ijayo kilima kile atakipanda akikimbia, chini hadi juu, na anayetaka kumpa pole angojee jeneza lake.

Sasa sikiliza. Mtu asiyekimbia hudhani kazi iko siku ya mbio. Siku ya mbio ni sherehe! Kuna ngoma, kuna maji ya bure, kuna watu wasiokujua wanakuita shujaa. Hata mvivu anakimbia siku hiyo. Kilima cha mwisho hupandwa kwenye ile miezi ya katikati, mbio zilizopita zimesahaulika na zijazo hazijatangazwa, alfajiri ni baridi, na hakuna binadamu hata mmoja anayejali kama umeamka au umekufa. Mama Raba alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana kila asubuhi jua lilipomkuta kitandani, aliona kilima kinazidi kurefuka.

Na kuamka kwake kulikuwa na utaratibu wake. Waliishi kwenye ua wa vyumba vinavyotazamana, geti moja, bomba moja, mlinzi mmoja. Mlinzi huyo waliyemwita Mzee Zamu alikuwa na kazi ya kulinda, na juu yake akajiongezea kazi ya kuamsha watu, na hii ya pili aliionea fahari kuliko ile ya kwanza. Kila mwenye safari ya alfajiri alimwachia jina lake, naye alimjua kila mmoja anavyoamshwa. Mlango wa mwoka mikate aliupiga kwa rungu, kwa sababu yule bwana hakuwa analala, alikuwa anazimia. Muuguzi alimnong'oneza kwenye tundu la ufunguo. Mama Raba alimgongea kwa ukucha kwenye kioo cha dirisha, mara mbili, ko ko, juu kidogo ya kichwa chake, ili binti yao aliyelala nyuma ya pazia asishtuke. Simu ilishajaribiwa. Siku ya kwanza ilipolia aliamka binti, akaamka mtoto mchanga wa chumba cha jirani, wakaamka na waliolala mbali, na Mama Raba peke yake akaendelea kukoroma. Simu ikapigwa marufuku kwa kauli ya ua mzima.

Basi baada ya mbio zile za pole, alipumzika kidogo kama wafanyavyo wakimbiaji wote, kisha akamwambia Mzee Zamu aanze tena. Mzee akaanza. Siku za mwanzo, ko ko, mama huyo barabarani. Halafu asubuhi moja akashtuka kumekucha. Kesho yake vile vile. Na kesho yake tena.

Hakumuuliza mlinzi. Na angemuulizaje? Mzee wa watu anaacha kibanda chake chenye joto, anakuja kukugongea, wewe umelala fofofo, halafu umfuate umuulize kama amegonga? Mama Raba aliona haya. Akawa anapita getini ameinamisha kichwa, salamu nusu. Mzee Zamu naye alikuwa akimwona tu, anaanza kuchezea tochi yake, anaiwasha mchana kweupe na kuizima. Mama Raba akajua hiyo ni dharau. Akasema moyoni, hata mlinzi ameshanichoka.

Alihangaika. Alisogeza mto, akawa analaza kichwa dirishani kabisa. Alikula mapema. Alikunywa vikombe vya maji kabla ya kulala, akitumaini haja itamwamsha, na haja ikamwamsha kweli, lakini jua likiwa limeshatoka. Mwenzake wa meza ya pili alimsikiliza, akatikisa kichwa huku anakunja foronya.

"Ni umri, mwenzangu. Mimi siku hizi nikilala, hata nyumba ikibomoka naota tu."

"Umri wa nani?"

"Wetu. Kwani sisi wasichana?"

Mama Raba alikandamiza pasi kwa nguvu juu ya shuka la watu mpaka likatoka na alama ya kahawia. Alikaripiwa na msimamizi mpya kwa kosa hilo, na hata yeye aliona anastahili. Hicho ndicho kilichomuuma zaidi. Alikuwa ameanza kuamini kwamba kweli amezeeka. Jioni alirudi nyumbani akijiona bibi kizee, akafua taulo za kibanda cha mumewe, akapika, akaosha vyombo, akaweka raba mlangoni kwa mazoea tu, kama mtu anayeendelea kumwekea sahani mgeni aliyekwisha kusema haji.

Halafu maji yakafanya kazi yake kwa wakati. Aliamka bado giza, tumbo limemjaa. Alipotoka msalani na kurudi kitandani alisikia jogoo wa mbali akilia, akajua saa yake inakaribia. Akakataa kulala. Alisema leo nitamsikia, na nikimsikia leo basi bado niko mzima. Moyo ulimdunda kama wa msichana anayesubiri barua. Alishateremsha miguu chini, iko juu ya sakafu, tayari.

Viatu vya mpira vya Mzee Zamu vikaja, pwata, pwata. Vikasimama kwa muuguzi, ukasikika mnong'ono. Vikaja upande wake. Mama Raba akainua uso kuelekea dirishani. Mara ile sauti ya pwata pwata ikakoma, ikawa kimya cha ajabu, na kivuli kikapita kwenye pazia taratibu, taratibu. Mzee mzima, na viatu vyake vya mpira, alikuwa ananyata! Alipokwisha kulipita dirisha, pwata pwata ikarudi, na rungu likatua kwenye mlango wa mwoka mikate.

"Mikate! Amka, mikate!"

Mama Raba alitoka na kanga aliyolalia.

"Mzee Zamu."

Mzee aliruka, tochi nusura imponyoke. "Aa, mama! Leo umeamka mwenyewe."

"Umepita dirishani kwangu."

"Nimepita, ndiyo."

"Hukugonga."

Mwoka mikate alifungua mlango, akauona uso wa Mama Raba, akaufunga tena.

"Mama," alisema Mzee Zamu, "mimi ni mtu wa kuambiwa. Bwana wako ndiye aliniambia. Alisema tumeonelea apumzike kwanza."

"Alisema nini?"

"Tumeonelea."

"Tumeonelea, nani na nani?"

"Sasa mimi ningejuaje? Mwenye nyumba akisema tumeonelea, najua mmekaa mkaongea. Tena, mama, alinieleza nikiwa pale kwake ananinyoa. Mtu ameshika wembe shingoni mwako anakwambia tumeonelea, wewe utabisha?"

"Na siku zote hizi unaniona napita hapo getini nimeinamisha kichwa kama mwizi, ulishindwa kufungua mdomo?"

"Nilijua umenuna kwa sababu nimekuacha. Nikaona haya."

Kumbe watu wawili wazima walikuwa wakikwepana getini, kila mmoja amebeba aibu isiyo yake, na mwenye aibu yenyewe amelala chumbani anakoroma. Waswahili wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Lakini Mama Raba alikuwepo! Alikuwa kwenye ua huo huo, na wanaume wawili walikaa wakaupanga usingizi wake kama wanavyopanga mahali pa kuweka kabati.

Angeweza kukimbia alfajiri ile ile. Giza lilikuwa bado zuri na barabara tupu. Lakini hasira ilikuwa na njia yake ya kupita kwanza. Aliingia ndani, akamshika Kinyozi bega, akamtikisa. Na kwa kuwa binti alikuwa amelala nyuma ya pazia, ugomvi ule mkubwa kuliko magomvi yote ya ndoa yao ulianza kwa kunong'ona.

"Mmeonelea nini?"

"Eh? Nini?"

"Wewe na nani mmeonelea nilale?"

Kinyozi alifumbua macho yote mawili. Akaketi, akajifuta uso kwa kiganja. Hakujaribu kukana, hilo tumpe.

"Nilikuhurumia, mke wangu."

"Nani alikuomba?"

"Huruma haiombwi. Wewe hukujiona siku ile ulivyofika uwanjani. Midomo imepauka, macho yamerudi ndani. Nilikushika mkono, mkono ni barafu. Nikasema huyu ataniachia mtoto. Halafu baada ya siku mbili tatu, huyo, unafunga tena kamba. Kutwa umesimama kwenye pasi, miguu inavimba, na alfajiri unakwenda kujitesa tena. Kwa ajili ya nini? Hakuna hata anayekuona."

"Miguu inavimba kwa kusimama. Haivimbi kwa kukimbia."

"Ndiyo maana nikataka ipumzike."

"Ikipumzika wapi? Hapa?" Alizunguka chumbani akitafuta kitu cha kushika, na mguu wake ukagonga beseni nyuma ya mlango. Lilikuwa na taulo za kibanda cha Kinyozi, zimelowekwa, vinywele vya watu vinaelea juu. "Na hizi?"

"Hizo nini?"

"Hizi hukuzionea huruma?"

Kinyozi alilitazama beseni kama mtu aliyeonyeshwa kitu kigeni. "Hizo si... hizo ni kazi tu za nyumbani."

Hapo kunong'ona kukaisha. "Kazi tu! Natoka kunyoosha mashuka ya mahoteli, nakuja hapa nafua vichwa vya wateja wako, kila jioni, mwaka kucha. Napika. Naosha masufuria. Huruma yako muda wote huo imelala wapi? Ulikaa, ukaangalia kila ninachofanya tangu asubuhi mpaka jioni, ukatafuta cha kunipunguzia. Ukakuta kimoja tu! Kile ninachokipenda!"

Pazia la binti lilitikisika, kisha likatulia kwa adabu.

"Sikufikiria hivyo," alisema Kinyozi.

"Na hiyo siyo mbaya kuliko zote. Ulikuwa unanisikia. Kila asubuhi ulikuwa unanisikia najiita gogo, najiita gunia, nasema nimezeeka. Ukanisikia, ukaniletea chai!"

Kinyozi akawa mdogo ghafla. Alikaa pale na fulana yake iliyotanuka shingoni, mikono mapajani. Mama Raba alimtazama, na kwa nukta moja alitaka kumwonea huruma. Akaikata huruma hiyo palepale, kwa kuwa alishaona huruma inaweza kufanya nini.

Kikulacho ki nguoni mwako, alisema siku ile karakanani, huku akinyoosha. Mwenzake wa meza ya pili alisikia kisa kizima, akaacha mvuke utoke bure.

"Kumbe si umri?"

"Umri wako ubaki nao mwenyewe."

Nyumbani pakawa hapakaliki. Beseni lilibaki pale pale nyuma ya mlango, maji yakaanza kunuka, mpaka Kinyozi mwenyewe akaliinamia. Alifua vibaya. Taulo zilianikwa na mapovu yake, wateja wakawa wanapakwa sabuni usoni na kuuliza kulikoni. Alipoona hali haitengemai, alifanya kosa ambalo waume hufanya wakizidiwa: alimwita dada yake mkubwa.

Wifi alikuja siku ya mapumziko, kajipamba, akaketi kwenye kiti kizuri, akapokea chai. Alikuwa mwanamke wa maneno yaliyonyooka, na alianza bila kupiga kona.

"Wifi yangu, nimesikia. Sasa nikuulize. Wenzio huko wanapigwa, wenzio wanatelekezwa na watoto. Wewe umepata anayekuhurumia, unafura. Unataka mume wa namna gani?"

"Anayegonga dirisha."

"Sikuelewi."

"Wifi, wewe unaimba kwaya."

"Naimba, kwani vipi?"

"Unaimba sauti ya kwanza. Siku mwalimu alipokuweka mbele ulikuja hapa ukatuimbia wimbo mzima, chai ikapoa. Sasa shemeji aende kimya kimya kwa mwalimu wako, amwambie, tumeonelea mke wangu asiimbe tena, koo lake linachoka. Mwalimu akuondoe. Wewe ukae nyumbani wiki baada ya wiki ukidhani sauti imekufa, na mume wako kila asubuhi anakupa asali, anakwambia pole na koo. Halafu ujue."

Wifi aliteremsha kikombe.

"Ningemtoa roho," alisema.

"Basi kaka yako ashukuru bado anahema."

Wifi alimgeukia kaka yake. "Na wewe nawe! Umenitoa kwangu nije kutetea upuuzi huu?"

Kinyozi alinyoosha mikono. "Haya, nimekosa. Nimekosa, jamani. Nitamwambia Mzee Zamu aanze tena kumgongea."

Laiti angeishia kwenye nimekosa. Mama Raba alisimama.

"Utamwambia? Wewe? Yaani nikilala ni kwa amri yako, na nikiamka ni kwa ruhusa yako? Nimeshamwambia mwenyewe. Nimemwambia hata akisikia nimekufa aje agonge, nisipotoka ndipo akawaite wachimba kaburi. Na nimemwambia neno tumeonelea likitoka tena mdomoni mwa mtu yeyote wa nyumba hii, aje aniulize mimi kwanza nimeonelea nini."

Wifi alicheka mpaka akajifuta macho. Kinyozi alijaribu kucheka pia, akaona hakuna aliyemwachia nafasi.

Mama Raba alilala akiwa ameshinda. Aliziweka raba mlangoni, safari hii kwa kishindo, ili zisikike. Akalala akipanga njia: atapita sokoni kabla hawajafungua, atashika uzio wa shule, atapanda mwinuko wa tangi la maji mara mbili badala ya mara moja, kufidia wiki zote alizoibiwa. Kilima cha uwanjani kitamkoma.

Alfajiri, ko ko.

Alisikia mara ya kwanza. Masikio yalikuwa mazima, umri haukuwamo, maneno ya watu yote yalikuwa uongo. Nje mvua nyepesi ilikuwa ikidondoka kwenye bati. Blanketi lilikuwa na joto la kiasi kile kile ambacho mtu angeagiza kama lingekuwa linauzwa. Mama Raba alisubiri miguu iteremke kitandani.

Haikuteremka.

Akaiambia sasa. Ikabaki. Wiki zile zote mwili ulikuwa umefundishwa somo moja kila siku, na ulikuwa umefaulu. Wazo likamjia, zuri, la adabu, limevaa nguo safi: mbio bado ziko mbali. Anza kesho, mvua ikikatika. Umeshashinda ugomvi, kwani haraka ya nini? Na lililomkera ni kwamba wazo lile halikuwa na sauti ya Kinyozi wala ya mwenzake wa meza ya pili. Lilikuwa na sauti yake mwenyewe.

Nje Mzee Zamu alisimama kidogo, akabadilisha mguu. Halafu viatu vya mpira vikaondoka, pwata, pwata, kuelekea kwa mwoka mikate. Alikuwa ameshafanya alichoambiwa.

Mama Raba aligeuza kichwa. Kinyozi alikuwa macho. Amelala chali, mikono juu ya blanketi, anatazama dari, anapumua kidogo kidogo kama mtu anayejificha. Naye amesikia kugonga. Anajua kila kitu.

Akamsubiri aseme. Neno moja tu, lala basi mke wangu, mvua hiyo. Angelisema, Mama Raba angeruka kitandani kama aliyemwagiwa maji ya moto, angemjibu, angebamiza mlango, angefika tangi la maji bila kuhisi kama ana miguu. Mume huyu ambaye hajawahi kukaa kimya maishani mwake, leo ndiyo amejifunza!

"Sema kitu," Mama Raba alimwambia.

"Nikisema utanigombeza."

"Sema hivyo hivyo."

"Sina la kusema." Kinyozi alijigeuza taratibu, akaelekea ukutani, akavuta blanketi begani. "Mbio ni zako."

Hilo ndilo neno alilolipigania. Alimkabili mlinzi kwa ajili ya neno hilo, akamgeuza wifi awe upande wake, akaliacha beseni linuke. Sasa amepewa lote, halina mtu mwingine ndani yake, na hakuwahi kupewa kitu kizito hivyo. Alikaa nalo gizani. Hapakuwa na geti la kuwahi. Hapakuwa na wa kumzuia, wala wa kumlaumu, na kitanda kilikuwa bado na joto.

Ndipo alipokasirika kuliko siku zote, na safari hii hakujua amkasirikie nani. Akaweka mguu mmoja sakafuni. Akauweka wa pili. Akafunga kamba za raba, akimlaani Kinyozi kwa kunyamaza, akimlaani Mzee Zamu kwa kuondoka mapema, akiilaani mvua, kisha akafungua mlango akatoka.